Mbwa wa Ulinzi Aliyemeza Bila Kutafuna: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja ya Goma

Usuli

Kisa hiki kilitokea katika nyumba moja ya Goma, na kinaandikwa hapa kwa idhini ya familia iliyohusika. Majina, mtaa na kazi za wenye nyumba vimeondolewa, na mambo madogo yasiyogusa kiini yamebadilishwa ili wasitambulike.

Mbwa anayehusika ni dume kijana, aliyezaliwa na mama wa kienyeji na baba wa aina ya Berger Allemand, yaani mbwa mchungaji wa Kijerumani. Amerithi kwa baba yake kifua kirefu kilichoshuka chini na kiuno chembamba, umbo ambalo lina uzito wake katika kisa hiki, kama itakavyoonekana. Alinunuliwa akiwa mdogo kwa mtu aliyekuwa akilisha watoto wengi wa mbwa katika beseni moja: bugali na mchuzi vilimwagwa katikati, na kila mtoto akapata alichowahi kunyakua. Katika nyumba alimohamia alimkuta jike mzee, mtulivu, aliyekuwa amekwisha kuzoea mahali pake. Wote wawili ni mbwa wa ulinzi, ambao mchana hufungwa nyuma ya nyumba na usiku hufunguliwa wazunguke ua pamoja na mlinzi.

Chakula chao kilikuwa kile kinachopewa mbwa katika nyumba nyingi za mji huu, yaani bugali wa muhogo uliochanganywa na mahindi, mchuzi uliobaki mezani, na siku nyingine sambaza (samaki wadogo wa ziwani) waliokaushwa au mifupa. Kililetwa mara moja tu kwa siku, jioni, baada ya watu kula. Mlinzi wa usiku ndiye aliyekipokea jikoni na kukigawa katika masufuria mawili ya zamani, yaliyowekwa ubavu kwa ubavu penye ukuta.

Familia ilichokuwa ikilalamikia

Mama wa nyumba alituita sisi tunaoandika kisa hiki kwa sababu aliamini kwamba mbwa wake ametiliwa sumu. Hofu hiyo hatukuidharau, kwa kuwa anayefuga mbwa wa ulinzi huishi akijua kwamba mwizi anaweza kurusha nyama yenye sumu juu ya ukuta. Alichokuwa amekiona ni hiki: muda mfupi baada ya kula, dume alisimama, akainamisha kichwa, na chakula chote kikateleza nje kikiwa kizima, mabonge ya bugali yakiwa bado na umbo lake, kisha akakila tena kwa pupa ileile. Jambo hilo halikutokea kila siku, lakini lilijirudia mara nyingi kiasi cha kumnyima usingizi.

Mlinzi alikuwa na neno lake. Dume alinguruma kila mtu alipolikaribia sufuria, na watoto wa nyumba walikuwa wamekwisha kukatazwa kupita upande ule jioni. "Mama, usimkaribie," alimwambia mbele yetu, "huyu akiwa anakula hajui mtu." Baba wa nyumba, kwa upande wake, aliona kwamba huo ni uroho mtupu na kwamba dawa yake ni kumpunguzia chakula. Kwa muda fulani alikuwa ameagiza dume apewe nusu ya kawaida, na mlinzi alikuwa akimwondoa kwenye sufuria kwa fimbo katikati ya kula ili apumue.

Tena kulikuwa na jiwe. Jirani aliwashauri waweke jiwe kubwa katikati ya sufuria ili mbwa alazimike kulizungukazunguka, ushauri ambao kwa asili yake si mbaya. Lakini jiwe lililochukuliwa lilikuwa jiwe la volkano, jeusi, lenye matundu na kingo zinazokwaruza, la aina ambayo kuta nyingi za Goma zimejengwa nayo. Tulipoufunua mdomo wa mbwa tuliona fizi ya juu imechanika upande mmoja, na ncha ya jino la mbele imemeguka. Katika matundu ya jiwe lenyewe bugali wa siku zilizopita ulikuwa umekauka na kuota ukungu wa kijani. Tuliliondoa papo hapo, kabla ya jambo lingine lolote.

Tulichotaka kukijua kwanza

Swali la kwanza halikuwa namna ya kumpunguzia mbwa kasi. Lilikuwa hili: je, mbwa huyu anatapika, au chakula kinarudi kabla hakijafanyiwa kazi tumboni? Mambo haya mawili huchanganywa mara kwa mara, na yanaelekeza mahali tofauti. Mbwa anayetapika huonyesha kichefuchefu mapema: mate humtiririka, hulamba midomo, tumbo lake hujikunja na kusukuma kwa nguvu, na kinachotoka huwa kimekwisha kulainika, pengine kikiwa na nyongo ya manjano. Mbwa ambaye chakula kinamrudia hufanya hivyo bila jitihada yoyote ya tumbo. Huinamisha kichwa tu na chakula kikatoka jinsi kilivyoingia, mara nyingi muda mfupi baada ya kula. Tulimwomba mlinzi atuonyeshe kwa mwili wake mwenyewe jinsi mbwa anavyofanya, kwa sababu maneno ya "ametapika" yasingetusaidia. Aliinamisha shingo bila kukaza tumbo. Jioni ile tulishuhudia vivyo hivyo kwa macho yetu.

Daktari wa mifugo alimpima mbwa uzito, akampapasa tumbo na mbavu, akaangalia kinywa na rangi ya fizi. Mbavu zilihesabika kwa macho kutoka mbali. Mbwa alikuwa amekonda, na hakukuwa na kumbukumbu ya lini alipewa dawa ya minyoo, hivyo alipewa kwa kipimo cha uzito wake, na jike naye akapewa. Minyoo peke yake ingeweza kumfanya awe na njaa isiyoisha.

Lililobaki kutiliwa shaka ni umio wenyewe, yaani njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni. Upo ugonjwa ambao umio hulegea na kupanuka, ukashindwa kusukuma chakula hadi tumboni, na dalili yake kuu ni hiyohiyo ya chakula kurudi. Jaribio rahisi lilisaidia. Jike alifungiwa mbali, na dume akalishwa mkononi bugali uleule na mchuzi uleule, kidogo kidogo, kwa utulivu, mpaka akashiba. Hakuna kilichorudi. Lilirudiwa siku iliyofuata, na matokeo yakawa yaleyale. Laiti chakula kingerudi hata katika hali hiyo, tungekuwa tunazungumza juu ya picha ya eksirei na si juu ya masufuria.

Kabla ya kuondoka tuliwaeleza wenye nyumba jambo ambalo lazima walifahamu wote wanaofuga mbwa mkubwa mwenye kifua kirefu. Mbwa wa namna hiyo anaweza kupatwa na hali ambayo tumbo hujaa gesi, kisha likajipindua juu ya mhimili wake na kuziba njia zote mbili, ya kuingilia na ya kutokea. Damu hukatika, na bila upasuaji wa haraka mbwa hufa katika muda wa saa chache. Dalili zake ni tumbo kuvimba na kuwa gumu, mbwa kujaribu kutapika mara nyingi bila kutoa kitu, mate mengi, na kuhangaika asiweze kulala wala kusimama mahali pamoja. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu mbwa wa aina kubwa, waliona kwamba umri mkubwa, kuwa na ndugu wa karibu aliyewahi kuugua, kula haraka, na kula katika chombo kilichoinuliwa ni mambo yaliyoandamana na hatari zaidi. Ndiyo maana binti mkubwa alipouliza kama sufuria liwekwe juu ya kigoda, tulimwomba aliache chini. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba kigoda ndicho kinachosababisha ugonjwa, lakini hatukuwa na faida yoyote ya kuweka upande wa pili wa mizani.

Maamuzi na sababu zake

Tuliamua kwamba chombo kitakuwa cha mwisho kubadilishwa. Uamuzi huo uliwashangaza wenye nyumba, waliotarajia kwamba tungeleta sahani maalumu yenye vizuizi ndani, kama walizoziona kwenye simu. Hoja yetu ilikuwa kwamba mbwa huyu alikuwa na sababu nzuri za kuharakisha. Alijifunza katika beseni kwamba anayechelewa hulala njaa. Sasa alikula mara moja kwa saa ishirini na nne, nusu ya chakula cha zamani, akiwa bega kwa bega na mbwa mwingine, na mtu mwenye fimbo amesimama nyuma yake akingoja kumwondoa. Kila hatua iliyochukuliwa kumzuia ilikuwa imemthibitishia kwamba chakula hunyang'anywa. Kumwekea vizuizi katika sufuria huku hayo yote yakiendelea kungemwongezea hasira bila kumpunguzia hofu.

Hivyo tulianza na kutenganisha. Jike atakula ndani ya stoo ya jikoni, mlango umefungwa. Dume atakula kwenye baraza ya nyuma. Hawataonana wala kusikiana hadi vyombo vyote viwe vimeondolewa. Fimbo ilikomeshwa siku hiyohiyo, na hapo mlinzi alipata shida kukubali, kwa kuwa kwake fimbo ndiyo iliyokuwa ikimkinga asiumwe. Tulimwahidi kwamba hataombwa kumsogelea mbwa akila.

Kisha tukagawa chakula mara mbili, asubuhi na jioni, na kiasi kikarudishwa kuwa cha kawaida na baadaye kuongezwa polepole, kwa vile mbwa alikuwa amekonda. Baba alihoji: je, kumpa zaidi mbwa mroho si kumharibu? Tulimjibu kwamba njaa ya kweli haitibiwi kwa mafunzo, na kwamba milo miwili midogo hulibebesha tumbo mzigo mdogo kila mara, jambo lenye maana kwa mbwa wa umbo lile. Mlo wa jioni ulisogezwa mapema, ili kati ya kula na kufunguliwa kukimbia uani pawe na mapumziko ya saa moja au zaidi.

Tuliombwa pia kuondoa bugali kabisa, kwa kudhaniwa kwamba ndio uliomrudia. Hatukuona sababu. Kweli, mate ya mbwa hayaanzi kumeng'enya wanga kama yetu yanavyofanya, lakini kongosho lake lina uwezo huo. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba mbwa wana nakala nyingi zaidi kuliko mbwamwitu za jeni inayotengeneza kimeng'enya cha wanga. Kutokutafuna peke yake, basi, si hasara kubwa kwa mbwa. Hasara ilikuwa mabonge makubwa, hewa iliyomezwa pamoja nayo, na joto: bugali hupoa juu huku katikati ukiwa bado wa moto, na anayemeza bonge zima huungua ndani asipojua. Kwa hiyo bugali ulibaki, ila uwe umepoa na kuvunjwavunjwa, na sambaza waongezwe ili apate protini. Mifupa ya kuku iliyopikwa iliondolewa, maana huvunjika kwa ncha kali na mbwa huyu alikuwa akiimeza mizima. Mchuzi wenye vitunguu vingi nao uliondolewa, kwa kuwa vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Kutenganisha peke yake kulileta tofauti ambayo hata mlinzi aliikiri. Siku za kwanza dume aliendelea kula kwa kasi huku akitupa jicho upande ambao jike alizoea kusimama, kisha taratibu akaacha kuangalia. Chakula kilirudi mara chache zaidi, lakini hakikukoma. Hapo ndipo tulipogusa chombo.

Jaribio la kwanza lilikuwa kutawanya vipande vya bugali uani ili avitafute kimoja kimoja. Mahali penye majani au saruji safi njia hii ni nzuri na haina gharama. Katika ua ule, ambao ardhi yake ni changarawe na vumbi jeusi la volkano, haikufaa: bugali ulishika mchanga, mbwa akameza vyote pamoja, na kuku wa jirani wakaja kushindana naye, yaani ushindani uleule tuliokuwa tumeuondoa ukarudi kwa mlango mwingine. Iliachwa mara moja.

Kilichofaa kilitoka jikoni kwenyewe. Mama alikuwa na sinia la zamani, pana, lenye ukingo mfupi. Bugali uliopoa ulilainishwa kwa maji ya uvuguvugu, ukapakwa juu ya sinia kwa mgongo wa mwiko uwe tandiko jembamba, na sambaza waliopondwa wakagandamizwa ndani yake. Mbwa hawezi kulibeba tandiko kama hilo kwa mdomo. Ni lazima alilambe na kulikwangua kwa meno ya mbele, kidogo kidogo. Jioni ya kwanza aliuma ukingo, akalipindua sinia lote na kula kilichoanguka. Binti mkubwa akapata wazo ambalo sisi hatukuwa nalo: alileta tairi kuukuu la gari, akaliweka sinia katika tundu lake la katikati, na ukuta wa mpira ukamzuia mbwa kuufikia ukingo. Kuanzia hapo mlo ambao ulikuwa ukimalizika chini ya dakika moja ukaanza kuchukua karibu dakika kumi. Tairi huondolewa pamoja na sinia mara anapomaliza, ili asilitafune.

Ugumu wa njia hii, na tunaona vema usemwe wazi, ni maji. Sinia pana lenye bugali uliokauka linahitaji kusuguliwa, mara mbili kwa siku, katika nyumba inayonunua maji kwa bido, yaani kwa madumu. Suluhisho lilikuwa kuliosha mara moja kabla halijakauka, kwa maji yaliyokwisha kuoshea vyombo vya mezani, kisha kulisuuza kwa maji safi kidogo.

Kunguruma kulishughulikiwa kwa njia ya pekee, na watoto hawakuhusishwa kabisa. Mama alipita mbali na sinia, umbali ambao mbwa hakukaza mwili wala kusita kula, akarusha sambaza mmoja karibu na tairi, akaenda zake. Hakusimama, hakumsemesha, hakunyoosha mkono. Kadiri siku zilivyopita alipita karibu zaidi, na kila mbwa alipokakamaa alirudi umbali wa jana. Lengo lilikuwa mbwa ajifunze kwamba mtu anayekuja huleta, hachukui. Mlinzi alianza kufanya hivyo baadaye, kwa hiari yake, alipoona mkia wa mbwa umelegea mama anapopita.

Kisha mambo yakaharibika. Mlinzi alichukua mapumziko, na aliyekuja kushika zamu yake hakuwa ameelezwa lolote. Alimwaga chakula katika masufuria mawili ya zamani, akayaweka ubavu kwa ubavu penye ukuta kama alivyozoea kwingineko. Dume alimaliza lake, akamrukia jike, na jike akajeruhiwa sikio. Usiku ule chakula kilirudi tena. Mama alitupigia simu akilia, akidhani kazi yote imepotea. Haikuwa imepotea, siku chache za utaratibu zilitosha kumrudisha dume alipokuwa. Lakini tukio hilo lilionyesha kwamba utaratibu ulikuwa umetundikwa kwa mtu mmoja. Tangu hapo chakula hutoka jikoni kikiwa kimekwisha kupakwa kwenye sinia, jike akiwa amekwisha kufungiwa stoo, na anayeshika zamu hana la kuamua. Masufuria yale mawili mama aliyatoa nyumbani kabisa.

Matokeo

Chakula hakirudi tena. Mbwa ameongeza mwili, na mbavu sasa huhisiwa kwa kidole pasipo kuonekana kwa jicho. Hunguruma mara chache, hasa mgeni anapotokea ghafla, na kwa sababu hiyo watoto bado hawaruhusiwi kupita anapokula. Hatukuona busara kulegeza sharti hilo. Akirushiwa mkate na mtu anaupokea hewani na kuumeza mzima kama zamani.

Jambo ambalo hakuna aliyelitazamia lilimpata jike. Alianza kunenepa. Ilibainika kwamba kwa muda mrefu dume alikuwa akimaliza lake na kumnyang'anya sehemu kubwa ya chakula chake, na familia, kwa kuona sufuria la jike tupu, ilikuwa ikimjazia. Alipopata stoo yake na mlango wake, kiasi kile kikawa kikubwa mno kwa mbwa wa umri wake, ikabidi kipunguzwe.

Uchambuzi

Mbwa kwa asili ni mnyama anayemeza haraka, na kasi peke yake si ugonjwa. Tungekuta mbwa anayekula upesi bila chakula kurudi, bila kukonda, bila kunguruma, na asiye na umbo la hatari, tungewashauri wenye nyumba wamgawie milo miwili na kumwacha. Kilichokifanya kisa hiki kistahili kazi yote hii ni mkusanyiko: kifua kirefu, mlo mmoja mkubwa, mabonge yanayorudi, na kunguruma katika nyumba yenye watoto.

Tunaamini kwamba hatua iliyofanya kazi kubwa kuliko zote ni kutenganisha mbwa pamoja na kuondoa fimbo, ingawa macho ya kila mtu yalivutiwa na sinia ndani ya tairi. Hatuwezi kuzipima hatua hizo kila moja peke yake, maana kuongezewa chakula na dawa ya minyoo vilikwenda sambamba nazo. Hata hivyo jaribio la kulisha mkononi lilikuwa limekwisha kutuambia jambo kabla ya sinia: mbwa aliyekuwa na njaa ileile, minyoo ileile na bugali uleule alikula bila kurudishiwa, pale tu mpinzani alipoondoka na chakula kikaja kwa vipande vidogo. Jiwe lilishindwa kwa kuwa lilishughulikia vipande bila kushughulikia mpinzani. Na hata kwa vipande, lilihitaji kuwa jiwe laini la ziwani, kubwa kupita mdomo wa mbwa, lenye kuoshwa kila siku.

Kupunguza chakula ndiyo hatua tunayoipinga kwa nguvu zaidi, kwa sababu inafanywa kwa nia njema na inaonekana ya haki. Ilimfanya mbwa awe na njaa zaidi, akala kwa kasi zaidi, akaonekana mroho zaidi, naye baba akapata ushahidi wa kumpunguzia tena. Mduara huo ungeweza kuendelea hadi mbwa akaumwa au akauma.

Kasoro iliyobaki katika mpango wenyewe ni mkate wa kurushiwa. Mbwa amejifunza utulivu mahali pamoja, kwenye chombo kimoja, na hajauhamishia kwingine. Tumependekeza kwamba chochote atakachopewa nje ya mlo kiwekwe kwenye sinia lake, au apewe kwa kiganja kilicho wazi baada ya kuketi, na mama amekwisha kuanza. Wageni ndio wagumu zaidi kuwazoesha, kwa hiyo mfuko wa mkate umehamishwa kutoka barazani na kuwekwa ndani.